Mnyoo wa Sisimizi

Siku mume wangu alipomwambia mama yake kwamba amempa mnyoo jina la mjukuu wake, mama mkwe aliweka kikombe chini, akavua miwani, akamtazama mwanawe kama mtu anayetafuta dalili za homa.

"Mnyoo," alisema. "Wa tumboni?"

"Hapana, mama. Wa kwenye matamvua ya samaki."

"Kwa hiyo hata tumbo la binadamu hakulipata."

Baada ya hapo hakusema naye kwa muda mrefu. Akitaka chumvi mezani alinituma mimi nimwombe mwanawe, na mwanawe amekaa ubavuni kwake. Nyumba ilikuwa bado ya msiba na niliona haya kucheka, lakini nilicheka.

Ilibidi nimweleze taratibu kwamba kwa watu wa kazi yetu ile ni heshima. Watu wa nyota hupeana nyota, sisi tunapeana minyoo. Mimi na mume wangu tulikaa meza moja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa sinki, tukiainisha minyoo bapa wanaoishi kwenye matamvua ya samaki wa maji baridi. Ni wadogo kuliko punje ya chumvi. Miili yao milaini inafanana mno. Kinachowatenganisha ni kulabu walizo nazo mkiani, zinazowashikiza kwa samaki wasichukuliwe na maji. Kila aina ina kulabu zake. Ili uzione, unamlaza mnyoo kwenye tone la maji juu ya kioo, unamfunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu, kisha unanyonya maji pembeni kwa karatasi mpaka kioo cha juu kimkalie. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa akituambia: ukimkandamiza kidogo huoni kitu, ukimkandamiza sana unaona kisichokuwepo. Mume wangu hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na mkono mwepesi, mpaka watu wa maabara nyingine walikuwa wakimletea minyoo waliowashinda.

Binti yetu tulimwita Sisimizi kwa sababu hakutulia na sukari haikusalimika kwake. Alifariki kwa homa msimu wa mvua, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha herufi. Baba yake alirudi kazini kabla jamaa hawajatawanyika. Hakulia. Alichukua perege waliovuliwa kwenye kidimbwi cha chemchemi, kule juu mlimani, akakata matamvua yao, akainamia hadubini. Siku moja akaniita. Kulabu za mnyoo aliyekuwa chini ya kioo zilikuwa zimegawanyika ncha kama ulimi wa nyoka.

"Huyu hayuko popote pengine," alisema. "Yuko hapa tu."

Nilichungulia mara moja, nikarudi kwenye sinki langu. Macho yangu yalikuwa na kazi nyingine siku zile.

Mnyoo akachorwa, akaandikwa, akapewa jina la shuleni la binti yetu lililoongezewa mkia wa Kilatini. Kidimbwi kikazungushiwa uzio, kibao kikasimamishwa, maana kiumbe asiyepatikana kwingine analindwa hata kama hana faida kwa mtu. Watoto wa wenzangu waliachiwa jiwe kaburini. Wangu aliachiwa chemchemi nzima. Miaka ikapita, moyo wa mume wangu nao ukachoka, akaondoka. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, na yeye akaanza kulainika.

"Mjukuu wangu hajambo huko?" alikuwa akiniuliza nikirudi kazini.

"Hajambo, mama."

"Amenenepa?"

"Mnyoo hanenepi, mama."

"Basi humlishi, Mama Sisimizi."

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo sikulipenda. Sebuleni tuna tangi la perege. Sisimizi akitoka shule alikuwa akichuchumaa kwenye kona ya tangi iliyo karibu na mlango, anabandika kiganja kwenye kioo, samaki wanamjia, na bibi yake anamfokea kutoka jikoni kwamba avue sare kwanza. Samaki wale walikufa zamani. Waliopo ni vitukuu vyao, hawajamwona mtoto yeyote humu ndani. Lakini kila alasiri, saa za kutoka shule, wanajikusanya kwenye kona ile, chini kabisa, kimo cha mtoto aliyechuchumaa, vichwa vyote vikielekea kwenye kioo. Nilihamisha pampu ya hewa. Nikabadilisha pazia. Nikaligeuza tangi lenyewe mbele nyuma, nao wakaja kwenye kona ya mlango vilevile. Mimi ni mtu wa ushahidi, mambo hayo siyaamini, na kila alasiri mwili ulinisisimka nikiwatazama.

Mama mkwe, ambaye macho yake yamefunikwa na ukungu na sasa anaona mwanga tu, huuliza kutoka kwenye kiti chake: "Wamekuja?"

"Wamekuja, mama."

"Mwambie avue sare kwanza."

Sikuwahi kumwambia. Niliona ni upuuzi wa uzee, nikaenda zangu kubandika chai.

Asubuhi moja Mkaguzi wa samaki aliingia maabara na kisanduku cha slaidi, vile vioo vyenye minyoo, kwapani. Ni kijana nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata akitoka matopeni, na ana ile haraka ya mtu anayetaka kupandishwa cheo kabla ya kuota mvi. Nyuma yake alikuja mfugaji wa samaki tunayemwita Injinia, kwa sababu mabwawa yake alichimba mwenyewe na yote yamepinda. Injinia alibeba ndoo yenye perege hai, maji yakimwagika sakafuni.

"Mama, ni jambo dogo," alisema Mkaguzi. "Nahitaji sahihi yako tu. Kwenye matamvua ya samaki wa huyu bwana nimemkuta mnyoo wenu. Yule wa kidimbwi cha chemchemi."

"Mnyoo wangu?"

"Yule mwenye ncha zilizogawanyika. Hapatikani kwingine, ninyi wenyewe mmeandika. Kwa hiyo huyu aliruka uzio akaiba samaki wa mbegu. Mabwawa yatatiwa dawa, samaki wote wafe, na ufugaji ndiyo basi kwake."

"Mama," alisema Injinia, "mimi uzio ule nauogopa kuliko ninavyomuogopa mke wangu, na mke wangu unamjua. Vifaranga nilinunua kwa watu wanaouza vifaranga, kama kila mtu. Sasa naambiwa shahidi ni mnyoo. Shahidi gani huyo hata huwezi kumuuliza swali?"

"Samaki mmoja akioza..." alianza Mkaguzi.

"Wangu hawajaoza. Ndiyo kwanza wamefika kimo cha kuuzwa. Wanangu wanawahesabu hawa kama ada ya shule."

Niliwaambia wote wawili wanyamaze. Niliweka slaidi ya Mkaguzi chini ya hadubini, nikazungusha kirungu cha kulengea, na zile kulabu zikatokea kutoka kwenye ukungu, ncha zimegawanyika kama nilivyoziona siku ile. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, kama mtu aliyekutana njiani na mtu ambaye hakutegemea kumwona tena. Nilisahau kabisa kwamba nyuma yangu alisimama mtu anayeponea kwenye neno langu. Kalamu niliishika.

Kisha nikaona macho. Minyoo hawa wana vidoa vinne vyeusi kichwani, ndiyo macho yao, na kila kidoa ni fungu dogo la chembe nyeusi. Wa Mkaguzi alikuwa na chembe zilizosambaa kichwa kizima kama pilipili manga iliyomwagika. Nikatazama tena kulabu. Moja imegawanyika sana, ya pili kidogo tu. Mnyama aliyezaliwa na kitu huwa nacho kulia na kushoto.

"Unamkandamiza kwa kutumia nini?" nilimuuliza Mkaguzi.

"Samahani?"

"Ukimlaza mnyoo. Unanyonya maji kwa karatasi, au unafanyaje?"

Akatazama mkono wake. "Karatasi inachelewesha, mama. Namalizia na kidole."

"Niachieni samaki. Mrudi kesho mchana."

"Lakini ripoti inasubiriwa leo..."

"Haraka haraka haina baraka, baba. Kesho."

Injinia aliiweka ndoo karibu na sinki, akawaaga samaki wake kwa kuwapungia mkono, halafu akaniangalia mimi. Ningependa angesema mzaha wowote.

Nilimtoa perege mmoja, nikammaliza haraka, nikakata matamvua, nikayaweka kwenye bakuli la maji. Mnyoo wa kwanza nilimpata hapohapo, ameshika utando mwekundu kwa mkia na kupungapunga kichwa. Nilimlaza juu ya kioo, nikamfunika, nikaanza kunyonya maji kwa karatasi, kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa. Macho manne yalikuwa mazima. Kulabu zilikuwa zimekamilika, ncha moja kila moja, laini, zimepinda vizuri. Alikuwa yule mnyoo wa kawaida ambaye perege wa maji yoyote anaye, aliyepewa jina mimi sijazaliwa. Nilihema, nikajua Injinia amepona.

Ningeishia hapo. Lakini kidole gumba changu kilikuwa tayari juu ya kioo, na nilikuwa ninatazama ndani ya hadubini, na nikakandamiza.

Macho yalimwagika kwanza. Kisha ncha ya kulabu ya kushoto ikatetemeka, ikaachana, na pale palipokuwa na ncha moja pakawa na mbili. Ya kulia ikafuata. Mwanangu alitokea mbele ya macho yangu, kwa kidole changu mwenyewe. Nilichukua mnyoo mwingine, nikakandamiza, akaja. Nikachukua mwingine. Kila nilipokandamiza alikuja. Sikuweza kuacha, nikawa namwita na kumwita mpaka bakuli likaisha minyoo, na mezani kukawa na safu ya vioo, kila kimoja kina yeye.

Nilikaa kwenye kiti cha dirisha, kiti cha mume wangu, ambacho tangu afe nilikuwa nakiwekea makoti tu.

Kila aina ya mnyoo ina slaidi mama, ile ambayo jina zima linaning'inia juu yake. Ikibishaniwa, watu hurudi kwenye slaidi hiyo. Yetu ilikuwa kabatini, kwenye droo ya juu, ina kibandiko chekundu na mwandiko wa mume wangu. Sikuwa nimeigusa tangu alipokuwa hai. Niliitoa kwa kitambaa, kama unavyomtoa mtoto kwenye beseni, nikaiweka chini ya hadubini na kwa muda sikutazama. Niliangalia dirishani. Mtu alikuwa anaosha gari.

Macho yalikuwa yamemwagika. Kulabu moja imegawanyika sana, nyingine kidogo.

Nilipoitoa ili niirudishe, mwanga wa dirisha uliipiga kwa ubavu. Kingo za vioo sisi huziba kwa rangi ya kucha, isiingie hewa. Rangi hii ilikuwa yangu, nyekundu, ile niliyoacha kupaka siku za msiba. Na kwenye kona yake, imeganda tangu siku ile, kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote ikionekana. Mume wangu hakuwahi kuweka kidole juu ya kioo. Wanafunzi aliwafukuza kwa kosa hilo. Siku ile alikandamiza mpaka kidole kikaacha alama.

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sauti, peke yangu, nikimuuliza kama alijua. Kama alijua, alinidanganya maisha yetu yote. Na kama hakujua, basi huzuni ilimshika mkono mezani pale, nami nilikuwa upande wa pili nikiosha vioo, na hakuna aliyemwambia aende nyumbani akalale. Sijapata jibu. Maiti hawajibu, na yeye hata alipokuwa hai kumpata ajibu ilikuwa shughuli.

Kesho yake mchana walirudi. Nilimkalisha Mkaguzi kwenye hadubini, nikalaza mnyoo mzima kutoka kwa perege mwingine wa ndoo, nikamwambia atazame asiondoe jicho. Kisha nikakandamiza.

"Ni mimi nimemtengeneza," alisema.

"Si wewe wa kwanza."

Nikamwekea slaidi mama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoinua kichwa, ile haraka yake ilikuwa imemtoka, akawa kama kijana yeyote aliyeingia chumba asichopaswa kuingia. Jina lililo kwenye kibandiko alilijua ni la nani. Kila mtu wa kazi yetu anajua.

"Mama," alisema polepole, "hii si lazima tuiguse. Tunaandika tu kwamba samaki wa Injinia wana mnyoo wa kawaida. Nilikosea mimi, basi. Hiyo nyekundu irudi kabatini. Nani ataifungua?"

Injinia alikuwa mlangoni, ameshaichukua ndoo yake, anatutazama kwa zamu. Hakuelewa la kulabu, lakini alielewa kuna msiba mezani, akavua kofia.

Nakiri kwamba niliitaka njia hiyo. Niliitaka kwa moyo wote. Slaidi ingerudi gizani, kibao kingebaki mlimani, na Sisimizi angebaki na anwani yake duniani. Lakini nilimtazama Mkaguzi, nikaviona vidole vyake safi, nikawaza wakaguzi wengine wote wenye haraka, waliopo na watakaokuja, na kila mmoja ana kidole gumba. Wangeendelea kumkuta mwanangu kwenye mabwawa ya watu. Kila ambapo wangemkuta, kuna mtu angefukuzwa kwenye riziki yake. Sikumzaa kwa ajili hiyo.

"Kaa, baba," nilimwambia. "Uandike ninavyosema."

Nikamwambia aandike kwamba minyoo wa Injinia ni wa kawaida, na kwamba wa kidimbwi cha chemchemi ni wale wale, na kwamba zile ncha zilitokana na kukandamizwa. Nikatamka jina la kisayansi la mwanangu, nikasema kwamba halisimami tena.

"Ukiandika hivyo, mama, spishi imekufa."

"Spishi haikuwahi kuishi. Aliyeishi ni mtoto."

Mkaguzi akaandika. Injinia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ataniletea samaki. Nikamwambia asinijie kwa miezi kadhaa na perege wake, maana nimeshiba. Alicheka, nami nikacheka, halafu nikaenda kunawa uso.

Nyumbani mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na tangi, anachambua kitu kwa vidole bila kukiona.

"Mjukuu wangu hajambo huko?"

Nilikaa chini, karibu na miguu yake. Nikamwambia yote. Nilitegemea atachekelea, maana hapo mwanzo yeye ndiye aliyekataa jina la mnyoo, na hapendi kupitwa na nafasi ya kusema "niliwaambia". Hakuchekelea.

"Kwa hiyo wanalifuta jina."

"Halifutwi, mama. Linaandikwa chini ya lile kongwe, linabaki hapo, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia."

"Chini."

"Ndiyo."

"Kama kuzikwa tu." Alichambua kidogo. "Na mwanangu? Wataandika kwamba alikosea?"

"Wataandika."

"Mkono wake ulikuwa mwepesi. Tangu mdogo. Alikuwa anashika vifaranga wa kuku hawalii."

"Najua, mama. Siku ile haukuwa mwepesi."

Vidole vyake vilisimama. Alinyoosha mkono gizani mwake mpaka ukapata kichwa changu, ukatulia pale. Tulikaa hivyo. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita, nikasikia mabegi yakigonga migongo yao na mmoja akimfukuza mwenzake.

Nikaangalia tangi. Samaki walikuwa wametawanyika. Mmoja juu karibu na pampu, wawili nyuma ya jiwe, wengine wanakwenda na kurudi bila mpango kama samaki wowote wa tangi lolote. Kwenye kona ya mlango, chini, hapakuwa na kitu, ila maji na kioo. Nilisubiri. Watoto nje wakaisha, barabara ikanyamaza, na kona ilikuwa vilevile.

"Wamekuja?" aliuliza mama mkwe.

Mchana ule nilikuwa nimesema ukweli mpaka ukanimaliza.

"Wamekuja, mama."

"Mwambie avue sare kwanza."

Niliinuka, nikaenda kwenye kona, nikachuchumaa, nikamwambia.